Mwaka wa Plasta ya Haika

Siku ya tatu baada ya kumzika dada yangu Ruth, wageni wengi walikuwa wameshateremka mjini na nyumba ya Mwika imebaki na sisi wa ndani tu. Tulikaa sebuleni, kwenye viti vile vile vya mbao vyenye vitambaa vya kufuma mgongoni, na Haika, binti pekee wa marehemu, akaleta chai. Nilimtazama akimimina. Kabla ya kuinamisha chupa aligusa ukingo wa kikombe kwa kidole, akahakikisha kilipo, ndipo akamimina. Anafanya hivyo tangu utotoni, kikombe kwa kikombe, na watu wa nyumbani wamezoea, hawaoni tena. Mimi naona kila mara. Haika ana miaka thelathini na minane sasa. Ukimtazama hutajua kitu, maana jicho lake la kushoto lilinyooshwa kwa upasuaji alipokuwa mkubwa kidogo, likakaa vizuri. Ila halioni. Linabaini mwanga, na vivuli vya watu wakipita, basi. Pembeni yake, mkekani, binti yake Neema wa miaka minne alikuwa akipanga vifuniko vya soda, na kila alipoinama kukitazama kifuniko kwa karibu, jicho lake moja lilikimbilia puani.

"Nimempeleka kliniki," Haika aliniambia, alipoona namtazama mtoto. "Wamempa miwani. Na wanataka jicho lake zuri lizibwe kwa plasta, saa kadhaa kila siku. Miwani nimechukua, plasta nimekataa."

"Umekataa?"

"Mama mdogo, wewe unajua kuliko mtu yeyote. Mimi nilivaa plasta mwaka mzima. Wewe ndiye uliyekuwa ukinibandika. Ilinisaidia nini? Kulia tu na kujikwaa. Sitaki mwanangu ateswe bure."

Alisema kwa upole, karibu kama mtu anayenishukuru kwa taabu niliyoipata zamani. Nilishika kikombe kwa mikono miwili. Nilimjibu, "Tutazungumza," nikanywa chai ambayo sikuisikia ladha. Ninaandika hapa nilichopaswa kumjibu pale pale.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo yangu hayakuwa ya kupeleka popote, na dada Ruth akasema njoo ukae kwangu mpaka tujue la kufanya. Yeye na mumewe walikuwa wametoka tu kuhama Kiboriloni, pembeni mwa mji wa Moshi, na kurudi kihambani Mwika, kwenye shamba la migomba la ukoo, ili mama mkwe wake, ambaye sote tulimwita Bibi, asikae peke yake. Shemeji alikuwa mpishi wa watalii mlimani, nyumbani anaonekana kwa siku chache kisha anapanda tena. Dada aliendelea na biashara yake ya mitumba sokoni Kiboriloni. Alitoka alfajiri na kurudi jua likizama. Kwa hiyo mchana kutwa nyumba ilikuwa ya watu watatu: Bibi jikoni na ng'ombe wake, mimi, na Haika aliyekuwa na miaka mitano. Nilipewa chumba kimoja na Haika. Kilikuwa na kitanda kimoja, dirisha dogo lililotazama migomba, na harufu ya kahawa iliyowekwa kwenye magunia chumba cha pili. Mtoto alilala akiwa ameshika sikio langu. Nilimpenda. Nalisema hili mapema kwa sababu yatakayofuata hayafanani na upendo.

Macho ya Haika yaligunduliwa na nesi wa kliniki ya macho aliyekuja kwenye chekechea ya usharika, mwanamke wa mjini Moshi tuliyemwita Sista Zuhura. Alikuja na kadi zenye herufi E zilizogeuzwa huku na huku, akawa anamziba kila mtoto jicho moja na kumwambia aonyeshe kwa vidole E imeelekea wapi. Haika akizibwa la kushoto alionyesha zote kama mchezo. Alipozibwa la kulia alisukuma mkono wa Sista, akaanza kulia. Wiki iliyofuata dada alifunga biashara siku moja, tukaenda kliniki ya macho mjini sisi watatu. Bibi alikuwa amepinga. "Makengeza ni ya utoto," alisema huku akimenya ndizi za kupika kiburu. "Akikua yatanyooka yenyewe. Hata baba yake alikuwa hivyo." Sista Zuhura aliposimuliwa maneno hayo hakucheka. Alimpakata Haika na kumwambia dada taratibu, kama mtu anayefundisha kusuka: "Jicho hili halijafa, mama. Ni zima. Lakini kichwa kimezoea kulitumia lile jingine, hili kimeliacha. Sasa tunampa miwani, na lile zuri tunaliziba saa sita kila siku ili hili lilazimike kufanya kazi. Lakini ni sasa. Akishafika miaka saba, minane, kichwa kinakuwa kimeshakataa, na hapo hata tukilinyoosha litakuwa zuri la kutazamwa tu." Kisha akanigeukia mimi. "Wewe ndiye unayeshinda naye?" Nikasema ndiyo. "Basi dawa ni wewe."

Nilijisikia fahari sana kwa neno lile. Miezi miwili ya mwanzo nilifanya kazi yangu kama askari. Dada akishaondoka nilimwosha Haika uso, nikamkausha, nikaweka pamba juu ya jicho la kulia na kubandika plasta mbili nyeupe kama alama ya kuzidisha, kisha miwani juu yake, iliyofungwa kwa lastiki nyuma ya kichwa. Kalenda ya kanisa ilitundikwa mlangoni mwa chumba chetu, na kila siku niliweka tiki. Mtoto aliteseka, nisidanganye. Alitembea mikono mbele. Chakula alikipapasa, mtori wa ndizi ukamwagika kifuani, Bibi akaguna. Lakini nilimtungia michezo: kutafuta punje za maharage kwenye ungo, kuhesabu vifaranga. Mwisho wa miezi hiyo miwili, siku moja alisimama mlangoni amezibwa vile vile na kusema, "Mama mdogo, kuku mweusi amepanda ukuta." Nilitazama. Kuku mweusi alikuwa kwenye ukuta wa zizi, mbali kabisa. Tuliporudi kliniki Sista Zuhura alimpima, akapiga makofi, akawaita wenzake waje waone. Njia nzima ya kurudi dada alinishika mkono kama vile mimi ndiye mtoto.

Kilichoniharibu ni kwaya. Nilijiunga na kwaya ya vijana, na humo kulikuwa na kijana anaitwa Elibariki, mpiga gitaa, mwenye meno meupe na maneno machache. Alinitazama mara mbili tatu, nami nikaanza kuishi kwa ajili ya mazoezi ya Jumatano na Jumamosi. Jumamosi moja nilikuwa nyuma ya chumba cha mchungaji nafunga kamba ya kiatu, nikasikia wasichana wawili wa sauti ya kwanza wakiongea upande wa pili wa ukuta. "Yule mtoto wa jicho la plasta ni wake," mmoja alisema. "Alizaa akiwa shule, ndiyo maana amefeli. Dada yake anamfichia." Mwenzake akasema, "Na mtoto mwenyewe amezaliwa na kasoro. Mungu si Athumani." Wakacheka. Sikuwalaumu sana kwa kuamini. Dada na shemeji walikuwa wamehamia pale karibuni tu, dada hakuonekana mchana, aliyeonekana akipita na mtoto ni mimi. Lakini nilibaki nimeinama na kamba ya kiatu mkononi mpaka walipoondoka, uso unawaka.

Jumatatu yake nilikuwa nampeleka Haika chekechea. Njia yetu ilifuata mfongo, ule mfereji wa maji ya mlimani unaopita kwenye vihamba, na juu yake kuna kidaraja cha magogo. Nilikuwa natembea mbele badala ya kumshika mkono, kwa sababu nilimwona Elibariki na wenzake wawili wanakuja. Haika alikosea gogo. Aliingia majini mpaka kiunoni, akapiga kelele, na plasta ikalowa ikaning'inia. Wale wenzake walicheka. Elibariki ndiye aliyeruka na kumtoa. Alimpangusa matope, akaniuliza bila ubaya wowote, "Ndeshi, huyu ni mwanao?"

"Hapana," nikasema. "Wala sijui vizuri ni wa nani. Nimeombwa tu nimsindikize."

Haika alikuwa amesimama kati yetu, anatetemeka kwa maji ya baridi. Alisikia. Aliinua uso kunitazama kwa lile jicho lake dhaifu, maana jingine lilikuwa bado limezibwa nusu. Walipokwisha kupita nilibandua plasta yote, nikaitupa kwenye mfongo ikachukuliwa na maji. "Leo pumzika," nilimwambia. Alifurahi. Akanirukia shingoni. Nilijiambia nimemwonea huruma, na kwa wiki kadhaa nilijiambia hivyo kila asubuhi, kwani kila asubuhi nilimbandika mbele ya Bibi na kumbandua tulipofika kwenye kidaraja. Mchana tukirudi nilimbandika tena hapo hapo. Mwalimu wa chekechea nilimwambia kliniki wamebadilisha, sasa anavaa nyumbani tu. Bibi aliona mtoto anatoka na plasta na kurudi na plasta, na baada ya chakula akinisikia nasema "saa zimetimia" hakuwa na sababu ya kuuliza. Jioni dada aliporudi alikwenda kwanza kwenye kalenda. Tiki zilikuwepo. "Mungu akubariki, mdogo wangu," alikuwa akisema, bado amebeba mfuko begani. Nilizoea hata hilo.

Haika nilimfundisha kwamba ni siri yetu. Nilimpa mua, nilimpa karanga, nilimruhusu avue viatu njiani. Mtoto wa miaka mitano anashika siri vizuri kuliko mtu mzima kama siri yenyewe inamletea raha. Elibariki alianza kutusindikiza mpaka karibu na kanisa. Haika aliruka mbele yetu na macho yake mawili wazi, jicho moja likitazama njia na jingine likitazama pua, na watu walituona, na mimi sikuona aibu tena. Yaani nilifurahi. Huo ndio ukweli ulio mgumu kuuandika, kwamba miezi ile ilikuwa ya furaha kuliko yote ya ujana wangu.

Tulirudi kliniki mwezi wa nane. Chumba kilikuwa kidogo, kimepakwa rangi ya kijani nusu ya ukuta, na benchi ambalo dada na mimi tulikaa huku Sista Zuhura akipima. Alipima mara moja, akasogeza kadi, akapima tena. Mtoto hakuona hata zile alizoziona mwanzoni mwa mwaka. Sista alivua miwani yake, akaipangusa kwa kanga, akaivaa. "Sielewi," alisema. "Mwezi wa tatu alikuwa anapanda vizuri. Ndeshi, anavaa?"

"Anavaa, Sista."

"Saa sita?"

"Saa sita. Siku nyingine saba."

"Mdogo wangu hawezi kunidanganya," dada alisema haraka. Hakuna aliyekuwa amesema kwamba namdanganya. Ndipo Sista Zuhura alipochuchumaa mbele ya mtoto, akamshika mabega. "Haika mwanangu. Unavaa plasta kila siku?"

Haika alinitazama. Ninaukumbuka ule muda kuliko ninavyokumbuka ndoa yangu. Nilijua kwamba nikimwonyesha kwa uso tu, kwa kupepesa, atasema kweli, na yote yataisha pale pale: nitapigwa kofi, nitarudishwa kwetu, na jicho litapona. Sikupepesa. Nilimwangalia vile vile nilivyokuwa nikimwangalia kwenye kidaraja, kila nilipoweka kidole mdomoni kumwambia ni siri. Mtoto akageuka na kusema, kwa sauti ya kukariri, "Navaa, Sista."

Baada ya hapo kila kitu kilikwenda chini taratibu. Sista aliongeza saa, nami niliendelea kumbandua kidarajani. Bibi alisema wazungu wamekuja na mambo yao na mjukuu wake si wa kujaribia. Dada alipambana kwa miezi miwili, kisha akachoka, kwa sababu alikuwa akipambania kitu ambacho kila mtu alikuwa ameona kwa macho yake kwamba hakifanyi kazi. Mwezi wa kumi na mbili plasta iliachwa. Haika alikuwa anakaribia miaka sita. Hata wakati huo ningeweza kusema na tukaanza upya. Januari nikapata nafasi ya kusomea ualimu, nikafunga sanduku. Dada alinipa kitenge kipya na kuniambia mbele ya watu, "Huyu alimhangaikia mwanangu mwaka mzima. Kama Mungu hakutaka, si kosa lake." Nilikipokea kwa mikono miwili. Elibariki alioa mmoja wa wale wasichana wa sauti ya kwanza, na sikumbuki hata kama niliumia.

Nimefundisha darasa la kwanza kwa miaka mingi. Kila mwanzo wa mwaka nimewaziba wanafunzi wangu jicho moja moja kwa daftari na kuwauliza nimeandika nini ubaoni, na nimewaita wazazi, nimewafuata mpaka mashambani, nimebishana na mabibi. Wapo watoto walioona kwa sababu hiyo. Mwalimu mkuu aliwahi kunisifu kwenye kikao cha wazazi, wakanipigia makofi, nami nikakaa chini haraka nikijifanya natafuta kalamu. Haika alipokuwa kidato cha pili alitaka kuwa dereva wa watalii. Alipomaliza shule akaenda kupimwa macho ya leseni, akarudishwa. Dada alinipigia simu analia. Nikamwambia tumwachie Mungu. Nilikuwa na miaka thelathini na zaidi ya kumwambia dada yangu, kwa simu, kwa barua, uso kwa uso tukichambua mchele, na nilimwacha aingie kaburini akiwa ananishukuru.

Kwa hiyo asubuhi ya nne baada ya mazishi nilimfuata Haika jikoni. Alikuwa anachochea moto, Neema bado amelala. Nilimwambia nimesimama, kwa kuwa niliogopa nikikaa nitaanza kulia na yeye atanibembeleza. "Plasta ilikuwa inafanya kazi," nilisema. "Mwezi wa tatu ulikuwa unaona kuku juu ya ukuta wa zizi. Mimi ndiye niliyekuwa nakubandua njiani. Miezi minane nilikubandua kila siku, nikaweka tiki za uongo. Walisema wewe ni mtoto wangu, na nilikuona aibu."

Haika hakugeuka. Aliendelea kupuliza moto ambao ulikuwa umeshawaka. Kisha akauliza, "Mama alijua?"

"Hapana."

"Kwa hiyo alikufa anaamini ni mimi tu. Kwamba jicho langu ndilo bovu."

"Ndiyo."

"Nakumbuka mua," alisema. "Siku zote nimekumbuka mua, na maji, na wewe unacheka na mtu. Nilidhani ni kumbukumbu nzuri." Akasimama, akapita karibu yangu bila kunigusa, akaenda kumwamsha mtoto. Saa mbili baadaye walikuwa wameondoka kurudi Moshi. Hakuniaga.

Wiki tatu sikupata neno. Nilimpigia, hakupokea. Siku moja akapiga mwenyewe. "Shikamoo," alisema, na kabla sijaitikia akaendelea, "Jumatatu nampeleka Neema kliniki kuanza plasta. Nataka uwepo." Nilikuwepo kabla ya mlango kufunguliwa. Tulikaa benchi moja na akina mama wengine, mtoto katikati. Nesi kijana alikuwa akijaza karatasi, akauliza kama katika familia kuna mwingine aliyewahi kuwa na tatizo hili.

"Mimi," Haika alisema.

"Ulitibiwa?"

"Nilianzishiwa plasta. Haikuendelea."

"Kwa nini, mama?"

Haika alinigeukia, akaniachia swali. Akina mama wote kwenye benchi walikuwa wakisikia, na mmoja alikuwa amenitambua, nilimfundishia wanawe wawili. Nikasema, "Mimi ndiye niliyekuwa namlea. Nilikuwa nambandua kwa siri kwa sababu niliona aibu kutembea naye, halafu nikawadanganya waliokuwa wanamtibu." Nesi alishika kalamu bila kuandika. Yule mama aliyenijua alitazama dirishani. Hakuna aliyenikemea; wangenikemea ingekuwa afadhali. Nesi akauliza tu, "Na huyu mdogo, nani atakayembandika?"

"Mimi mwenyewe," Haika alisema.

Ndivyo ilivyokuwa. Haika hakuwahi kuniachia plasta hata siku moja, nami sikuomba. Alinipokea nyumbani kwake Kiboriloni, aliniwekea chakula, aliniita mama mdogo, ila muda wa plasta ukifika alimchukua mtoto chumbani na kufunga mlango. Neema alilia wiki mbili, akazoea. Juzi tulikwenda kwenye kipimo cha mwezi wa saba tangu aanze plasta. Nesi alimziba jicho zuri, akawasha ubao wa zile herufi E, na mtoto akaanza kuonyesha kwa vidole: juu, kulia, chini, mstari baada ya mstari, mpaka ule mdogo ambao mimi mwenyewe bila miwani siwezi kuusoma. Nesi alikuwa anacheka. Nilimtafuta Haika ili tufurahi pamoja. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mwanawe, ameziba jicho lake la kulia kwa kiganja, uso ameuinua kwenye ubao. Alinyoosha vidole viwili kulia. Neema alikuwa amenyoosha juu. Haika alijaribu mstari wa juu yake, na wa juu yake tena, vidole vikitangatanga hewani bila kujua pa kwenda, kisha akashusha mkono na kuupangusa kwenye sketi. Nesi hakuona, na mtoto hakuona.